Mayai Saba ya Mwali

Kwa miaka thelathini na mitatu mama yule alikuwa adui wa nyoka, na nyoka wenyewe walilijua hilo. Aliyewahi kufuga kuku hahitaji kuelezwa sababu. Unamlaza tetea juu ya mayai kumi na mawili, asubuhi unakuta tisa, na tetea yuko juu ya banda anapiga kelele za kuamsha mtaa. Ukichungulia nyuma ya magunia unamkuta mwizi amejilaza, tumbo lina vinundu vitatu, wala haya hana. Mama hakuwa mtu wa mjadala. Alikuwa na mpini wa jembe, na mpini ule ulikuwa na kazi hiyo moja tu.

Sasa mtu angemwambia kwamba uzeeni atakuja kukaa juu ya kigoda akilinda mayai ya chatu yasipigwe na baridi, angemvutia huyo mtu kiti, ampe maji ya kunywa, amuulize homa ilimwanza lini.

Lakini dunia ina vituko vyake. Nyonga zilimgomea. Kuku wakagawiwa majirani, banda likavunjwa, naye akahamia kwa mwanawe wa mwisho, fundi friji, mwenye nyumba ya vyumba vitatu na ua mdogo uliojaa friji mbovu za watu. Chumba kimoja kilikuwa cha fundi na mkewe. Cha pili akapewa mama. Na cha tatu, hebu fikiria, kilikuwa cha chatu.

Chatu mwenyewe aliitwa Mwali. Fundi alimpata akiwa mwembamba kama kamba ya kiatu, kwa kibali na karatasi zake zote, akamlea miaka tisa mpaka akanenepa kama mkono wa mbeba mizigo. Alikuwa wa ile aina fupi, pole, ambayo ikitishika hujiviringa ikawa mpira na kuficha kichwa katikati. Jina la Mwali alilipata kwa sababu alikuwa hataki mume. Madume ya kuazima yaliletwa miaka mitatu mfululizo, na miaka mitatu mfululizo yalirudishwa kwao yalivyokuja. Mwaka wa nne likaja dume la mwalimu mmoja wa sayansi, jembamba, halina hata umbo la kutazamwa, na hilo ndilo alilolitaka. Mapenzi hayana hesabu. Miezi ikapita, Mwali akataga mayai saba, na fundi akatembea siku nzima kama aliyezaa ni yeye.

Mkewe, ambaye alikuwa muuguzi, alimpa hongera akiwa jikoni. Mkamwana huyu alikuwa na msimamo wake: yeye aliolewa na fundi friji, hakuolewa na chatu, na mlango wa chumba kile hakuwahi kuuvuka.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba ya mama ilikuwa kiti cha plastiki kilichowekwa barazani. Alikaa hapo asubuhi, akala hapo, akasinzia hapo. Mchana mmoja, wakidhani amelala, aliwasikia fundi na mkewe wakizungumza jikoni. Mkamwana alikuwa anasema kwamba mama anashinda peke yake kutwa, hana wa kuongea naye, hana la kufanya, na huenda ingekuwa afadhali aende kwa wifi yake, yaani dada mkubwa wa fundi, maana kule kuna watu. Fundi akajibu kwamba wangoje mwezi ujao, wataona. Yalikuwa maneno ya huruma, na yule aliyeyasema alikuwa na huruma kweli. Lakini mzee aliyelala upande wa pili wa ukuta hasikii huruma, anasikia "hana la kufanya". Mama alijifunika shuka mpaka kichwani. Kwa binti yake alipapenda kwa kutembelea: watoto sita, redio mbili, na mkwe anayejua kila kitu. Hakutaka kwenda kuishi huko. Alitaka kubaki palepale kwa kitinda mimba wake, na alitaka kubaki akiwa mtu wa kazi.

Ndipo fundi alipoitwa mji mwingine kutengeneza vyumba vya baridi vya machinjio. Siku tisa. Mayai yalikuwa na siku kumi na nane tangu kutagwa, na yalihitaji karibu sitini. Alizunguka ua mzima akikuna kichwa, kisha akaja barazani akachuchumaa mbele ya kile kiti cha plastiki.

"Mama," akasema, "nani mwingine katika nyumba hii ameshawahi kuangua mayai?"

Mama alijifanya anafikiri. Moyoni alikuwa ameshasimama na kufunga kanga kiunoni.

Mayai yalikaa ndani ya friji, katika chumba cha Mwali. Mama alicheka alipooneshwa, kwa kuwa friji yenyewe ilikuwa imekufa mota, na fundi aliitandikia ndani waya wa joto, kifeni cha kompyuta na kifaa cha kuzima na kuwasha, hata ikawa friji ya kupasha moto. Chini kulikuwa na chupa za maji za kushikilia joto. Katikati, ndani ya bakuli la plastiki lenye mfuniko, mayai yalikuwa yamelala juu ya chengachenga za mawe mepesi zenye unyevu, meupe, marefu kuliko ya kuku. Matano yalikaa mbalimbali. La sita na la saba yalikuwa yameshikana ubavu kwa ubavu tangu siku ya kutagwa, kama mikate iliyookwa karibu karibu.

Fundi alieleza kila kitu. Joto lisipande kupita thelathini na mbili, lisishuke chini ya thelathini. Mfuniko ukilia matone mengi, upanguswe. Chengachenga zikikauka, maji yanyunyizwe pembeni, yasiguse ganda. Mlango ufunguliwe kidogo kila siku, yapate hewa. Umeme ukikatika, chupa zijazwe maji ya moto. Alieleza mpaka mama akaanza kuitikia kwa kope. Jambo moja tu hakulisema, nalo hakulisema kwa sababu kwa watu wa nyoka ni jambo la kwanza kabisa, la darasa la watoto, kiasi kwamba hakuna anayekumbuka kulitamka. Akabeba vifaa vyake akaondoka.

Mama alivuta kigoda mbele ya friji, akafungua, akainama kuyatazama vizuri. Kila yai lilikuwa na alama ya msalaba juu yake, imechorwa kwa penseli. Akatabasamu. Kumbe mtoto alikuwa anaangalia kule nyumbani! Maana mama hakuangua kwa matetea peke yake. Tetea akisusa au akifa, alikuwa anaatamiza kwa taa ndani ya boksi, na kila anayeatamiza kwa taa anaijua alama ile: msalaba upande mmoja, duara upande wa pili, ili ukigeuza mayai ujue lipi umegeuza na lipi umelisahau. Yasipogeuzwa, kifaranga hugandia kwenye ganda akafa. Hata kuku, na akili yake ile ile tunayoisimanga, hugeuza mayai yake kwa mdomo. Na hugeuzwa mara tatu kwa siku, si mbili wala nne, ili upande uliolaliwa usiku wa jana usilaliwe tena usiku wa leo.

Akapitisha kidole chini ya yai la kwanza. Mkono ulimrudi wenyewe, maana ganda halikuwa gumu, lilikuwa laini kama ngozi ya begi. Akajikaza. Akaligeuza. Upande wa chini haukuwa na duara.

"Wanaume na kazi zao nusu nusu," akasema, akachukua penseli kwenye kikopo cha bisibisi akayachorea maduara.

Matano aliyageuza vizuri. Yale mawili yaliyoshikana yalimshinda. Alijaribu kwa vidole viwili, akaona ganda linataka kuchanika, akaogopa, akayaacha. Jambo hilo lilimkera siku nzima. Alikuwa na daftari la shule ambalo fundi alimwachia aandike joto, na chini ya tarakimu za siku hiyo akaandika: "La sita na la saba yameshikana, nimeshindwa kuyageuza. Nisamehe." Aliandika hivyo hivyo siku ya pili, na ya tatu, na zote zilizofuata.

Kutoka pembeni, nyuma ya kioo cha sanduku lake, Mwali alikuwa anamtazama. Mama akamwambia bila kuficha kwamba wao wawili bado hawajawa marafiki, ila kazi ni kazi.

Zilikuwa siku tisa nzuri. Mama aliamka mapema, akachana nywele, akala chakula akamaliza. Mkamwana alirudi zamu akamkuta anaimba. Binti yake alipopiga simu aliambiwa apige baadaye, mama yuko kazini. Umeme ulikatika mara moja, na kabla jirani hajaanza kulalamika chupa za maji ya moto zilishakuwa ndani ya friji.

Fundi alirudi mchana, begi bado liko begani, akaenda moja kwa moja kwenye friji. Mama alimfuata kwa fimbo yake, daftari kwapani. Fundi akafungua mlango, akaondoa mfuniko, na maduara matano yakamtazama.

Mama hakungoja kuulizwa. Akaeleza kwamba joto halikupanda wala kushuka, na kwamba ameyageuza mara tatu kila siku bila kukosa, na kwamba duara lilikuwa limesahauliwa akaliweka yeye.

"Ila haya mawili yalinishinda," akasema. "Niliogopa kuyachana. Hapo naomba usinilaumu, mwanangu."

Fundi aliinama mbele ya friji kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kutazama mayai saba. Shingo yake ilikuwa na vumbi la safari.

"Hukukosea, mama," akasema mwishowe. "Ahsante sana." Akarudisha mfuniko, akafunga mlango polepole, akaenda kuoga.

Kimya kingi kina mshindo mkuu. Kabla ya safari, fundi alikuwa anafungua friji ile mara tano kwa siku, hata kwa kisingizio cha kutafuta bisibisi. Sasa alipita mbele yake akitazama ukuta. Alimwambia mama apumzike, kazi ameifanya, zamu ni yake sasa. Lakini zamu yenyewe hakuishika. Mama aliyaona hayo yote kutoka kwenye kile kiti cha plastiki, kupitia mlango wa chumba uliokuwa wazi. Mtu aliyekata tamaa na mayai humjui kwa maneno, unamjua kwa jinsi anavyoacha kuyafungulia mlango. Siku ya nne, fundi akiwa kazini, mama alikwenda akafungua mwenyewe. Yai la kwanza lilikuwa limebonyea katikati. La tatu lilikuwa na ukungu wa kijani.

Mkamwana alikuwa mapumziko, anapiga pasi sare zake. Mama akasimama mlangoni akamuuliza kuna nini na asimfiche. Mkamwana akasema hajui mambo ya nyoka. Mama akaendelea kusimama. Pasi ikazimwa.

"Mama, mayai ya nyoka hayageuzwi," mkamwana akasema. "Amenikataza nisikwambie."

Akaeleza kama alivyoelezwa naye. Kwamba kitoto cha nyoka hujishika upande wa juu, chini ya ganda, katika siku zile za mwanzo, na hapo ndipo anapokaa mpaka kutoka. Ukimgeuza, kiini humlalia kwa juu, naye hufa humo humo ndani. Ule msalaba ulikuwa wa kuonesha upande wa juu, ubaki juu mpaka siku ya mwisho. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akaenda chumbani kwake.

Alikaa kitandani. Aliona aibu ya moto, na juu ya aibu alikuwa na huzuni, na huzuni ndiyo iliyokuwa kubwa zaidi. Mara tatu kwa siku, siku tisa. Kila mara kwa upole, kila mara akiwaambia neno jema. Kuku havunji yai lake, na yeye alipewa ya mwanawe akayaua kwa kuyabembeleza. Baada ya hapo alishusha mkoba kutoka juu ya kabati akaanza kukunja kanga.

Fundi aliporudi jioni alimkuta amekaa, mkoba uko miguuni.

"Mpigie dada yako aje anichukue," mama akasema.

Fundi akamtazama mkewe aliyekuwa nyuma yake, mkewe akatazama chini, na mambo yote yakawa wazi. Fundi akakaa sakafuni na ovaroli lake.

"Mbona hukuniambia?" mama akauliza.

"Ningekwambia, ungefunga mkoba."

Mama akautazama mkoba. "Nimeufunga."

"Ndicho nilichokuwa naogopa."

Mama akamwambia kwamba aliwasikia siku ile jikoni, wakisema hana la kufanya. Mkamwana akashika mdomo. Akasema alichotaka ni asikae peke yake, si kumfukuza, na kama ni kweli alimwumiza anaomba radhi. Fundi naye akasema kosa ni lake. Yule mzee aliyemfundisha kufuga nyoka alimwambia siku ya kwanza, kabla hata ya salamu kwisha, kwamba yai la nyoka haligeuzwi. Na yeye amemwambia mama mambo kumi na mawili akaliacha hilo. Alimwona mama ni fundi, na fundi hafundishwi kushika nyundo.

"Na mimi sikuuliza," mama akasema. "Niliona ni jambo linalojulikana na kila mtu."

Kisha mama akauliza habari ya la sita na la saba. Fundi akasema hajui. Amekuwa anaogopa kutazama, kwa sababu akikuta nayo yameviza atakuwa hana tena cha kungojea. Maneno hayo yalimuudhi mama kuliko yote ya siku ile. Alikuwa ameangua vifaranga maelfu na hajawahi kuacha yai bila kulimulika ati kwa sababu ya woga.

"Nenda kalete tochi," akasema. "Na ufunge dirisha."

Kumulika ni kule kule, yai liwe la kuku au la joka. Fundi alishika mfuniko, mama akaegemeza tochi ubavuni mwa yai la sita bila kulisogeza hata kidogo. Ganda likawaka rangi ya chungwa, na ndani yake ikaonekana mishipa myekundu imetapakaa kama mizizi, na kivuli kimejikunja. Kivuli kikajivuta. Akahamia la saba. Mishipa, na kivuli. Akapitia yale matano moja moja, na yote yalikuwa na giza tupu.

"Mawili yako hai," akasema.

Fundi alianza kucheka, na kabla hajamaliza kucheka alikuwa anajifuta macho kwa mkono wa ovaroli. Akalichukua lile daftari juu ya friji akalifungua. Nimeshindwa kuyageuza, nisamehe. Mara tisa.

"Fungua mkoba, mama," akasema. "Mimi nashinda kazini. Nani atakaa nayo?"

Kesho yake mama aliyazika yale matano nyuma ya ua, kando ya friji moja iliyolazwa chali. Alichimba kwa jembe, akakumbuka mpini wake wa zamani, na akashangaa kwamba miaka yote ile hajawahi kumsikitikia nyoka.

Siku ya hamsini na tisa, asubuhi, fundi akiwa kazini, ganda la yai la sita lilichanika mstari mmoja mwembamba. Katika mstari ule kikatokea kipua. Kikakaa. Saa nzima, hakuna zaidi. Kifaranga wa kuku akikaa hivyo mama humsaidia: humpasulia ganda kwa ukucha, kipande kwa kipande. Vidole vilimwasha. Fundi safari hii alikuwa amesema kila kitu, tena mara tatu: mtoto anaweza kukaa na kichwa nje siku nzima na zaidi, bado anamalizia kiini chake, na anayemvuta anamuua. Mama aliichukua mikono yake miwili akaikalia. Mchana ukapita hivyo. Jioni fundi alimkuta bado ameikalia, ganzi imempanda mpaka mabegani, na la saba nalo limeshachanika.

Walitoka siku iliyofuata, mmoja kabla ya chakula cha mchana na mwingine baada yake, wanang'aa, wana mabaka ya dhahabu, kila mmoja hana uzito wa kijiko. Mkamwana alikuja mpaka mlangoni, akaweka mguu mmoja ndani. Mama akamwinamia wa kwanza amwone vizuri, na yule mtoto, hata hajakauka, akafungua mdomo akamrukia.

"Mtoto wa nyoka ni nyoka," mama akasema kwa furaha, akarudisha pua yake nyuma.

Wale wawili fundi alimkabidhi mama awalinde. Binti yake alipiga simu wiki hiyo. Chumba kiko tayari, kitanda kimenunuliwa, watoto wanamngojea bibi, aje lini? Fundi na mkewe walikuwa mezani, wakaacha kula. Mama akasema hawezi kuja kuishi, atakuja kusalimia tu, kwa sababu ana kazi. Binti akauliza kazi gani hiyo, na nyonga zile.

"Ya kutogusa," mama akasema. "Mwanzoni niliiharibu. Sasa naiweza."

Akamrudishia mwanawe simu na kuomba asogezewe chumvi.